Kumsindikiza Bi Harusi Pwani Bila Kutikisa Nyumba Zetu



Hapa Lucky Summer, kama katika mitaa mingine ya Nairobi upande wa mashariki, maandalizi ya harusi hayaishii tena kwenye kamati, mavazi na keki. Limeongezeka jambo lingine: majuma machache kabla ya ndoa, rafiki za bi harusi humchukua wakaenda naye pwani kwa siku mbili tatu ili wamuage. Wanaoalikwa si wasichana peke yao. Wamo dada zake walioolewa, wamo mashemeji, na mara nyingi yumo yule mama ambaye yeye na mumewe wamekubali kuwa wasimamizi wa ndoa. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi tulio tayari katika ndoa. Na yafaa tulizungumze mapema, kabla halijatuingiza katika madeni.

1. Desturi yenye mizizi

Kumtenga bi harusi kwa muda na kukaa naye si jambo geni kwetu. Pwani, tangu zamani, bi harusi alikabidhiwa somo au kungwi, mama mwenye busara aliyemfundisha mambo ya nyumba, huku akipakwa hina na kusingwa. Jirani zetu wa Tanzania wana kichenpati, ambapo wanawake humletea bi harusi vyombo vya jikoni pamoja na mawaidha. Katika makabila ya bara nako, shangazi na nyanya walikuwa na siku yao na binti. Shabaha ilikuwa moja: binti asiingie katika nyumba yake bila wosia.

Basi safari ya pwani si dhambi, wala si uzungu mtupu. Inaweza kuwa nguo mpya ya desturi nzuri. Lakini nguo ikishonwa kubwa kuliko mwili, anayeivaa hujikwaa.

2. Ugomvi unapoanzia

Tuchukue mfano wa mama wa watoto watatu. Yeye anauza mitumba, mumewe ni fundi wa mbao. Anaingizwa katika kundi la WhatsApp la akina mama na wasichana kumi na wawili. Siku ya kwanza inatumwa picha ya hoteli yenye bwawa la kuogelea. Siku ya pili inatajwa shilingi 28,000 kwa kila mmoja. Siku ya tatu yanaanza kuorodheshwa majina ya waliokubali, moja baada ya jingine, na jina lake halipo. Anaona haya. Anaandika, "Niko."

Fedha hizo hana. Anakopa kwenye chama bila kumwambia mumewe. Safari inakwenda vizuri, picha zinapendeza. Januari inafika na karo ya shule, na wenzake wa chama wanakuja mlangoni kuuliza deni lao. Mumewe anawasikiliza, anawaaga kwa heshima, kisha anasema: "Mama watoto, mimi sikasirikii bahari. Ninachokasirikia ni kwamba wanawake kumi walijua jambo la nyumba yangu, na mimi sikulijua."

Tazameni kilichovunjika hapo. Deni litalipwa kidogo kidogo, hata kama ni kwa mwaka mzima. Imani kati ya watu wawili hailipwi kwa awamu. Na aliyemsukuma mama huyu hakuwa adui yake. Ni utaratibu mbaya: mahali palichaguliwa kwanza, bei ikafuata, mfuko wa kila mtu ukaulizwa mwisho, tena mbele ya wote.

3. Tuanze na mfuko, si na mahali

Dawa ni kugeuza utaratibu huo. Kabla ya kutaja Diani wala Mombasa, kundi lichague mweka hazina mmoja anayeaminika na anayejua kunyamaza. Kila mmoja amwambie faraghani kiasi anachoweza kutoa bila kukopa. Mwenye mume azungumze kwanza na mumewe, ndipo ataje kiasi hicho.

Mweka hazina akishapata majibu yote, asitafute wastani. Achukue kiasi cha chini kabisa, na hicho ndicho kiwe kipimo cha safari nzima. Asitaje ni cha nani. Atangaze tu: "Safari yetu haitazidi kiasi hiki." Wenye uwezo zaidi wasiitumie ziada yao kupandisha hadhi ya hoteli. Waitie kimya kimya katika fungu la bi harusi au katika akiba ya dharura.

Tunaukumbuka mfano wa harusi ya Kana, katika sura ya pili ya Injili ya Yohane. Divai ilipopungua, Mama Maria aliona. Hakuwatangazia wageni. Alimwendea Mwanawe, na mambo yakatengenezwa jikoni pasipo wenye harusi kuaibishwa. Mweka hazina mwema hufanya vivyo hivyo: huona upungufu wa mwenzake na kuutengeneza pasipo kelele.

4. Hesabu ya mfano

Wengi hudhani pwani ni ya matajiri. Hebu tufanye hesabu ya wanawake wanane, bi harusi akiwamo, kwa siku tatu na usiku wawili. Nauli ya treni ndiyo iliyopangwa rasmi. Viwango vingine ni makadirio ya kufundishia tu, na kila kundi liulize bei za siku zake.

Usafiri mkuu. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilianza mwaka 2017. Tarehe 1 Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Kwenda na kurudi katika daraja la kawaida ni shilingi 3,000. Anayechagua daraja la kwanza anaongeza shilingi 6,000, na treni zote mbili hufika pwani ile ile.

Malazi. Badala ya hoteli, kodini nyumba yenye jiko. Tuseme nyumba ya vyumba vinne ni shilingi 12,000 kwa usiku. Usiku wawili ni 24,000, yaani 3,000 kwa kila mmoja.

Chakula. Soko la Kongowea lina mboga, nazi na matunda tele, na samaki hupatikana kwa wavuvi wenyewe. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, jioni mnapika pamoja. Tukadirie shilingi 800 kwa siku, kwa siku tatu 2,400.

Usafiri mdogo. Kutoka Lucky Summer hadi kituo cha Syokimau, kutoka kituo cha Miritini hadi kwenye nyumba, na matembezi ya hapa na pale: 1,500. Mkienda Diani kwa kivuko cha Likoni, abiria wa miguu hawalipi. Ng'ambo mnapata matatu za kwenda Ukunda.

Hina, mashua na madafu: 1,000.

Jumla ni shilingi 10,900. Ongezeni akiba ya dharura ya 1,100, mnapata 12,000 kwa kila mmoja. Bi harusi hatoi kitu, kwa hiyo wale saba wagawane fungu lake: watu wanane mara 12,000 ni 96,000, gawanya kwa saba, unapata kama shilingi 13,700. Wakianza kuchanga miezi sita kabla, ni kama 2,300 kwa mwezi, au chini ya 600 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, kama kipimo cha mdogo wenu ni shilingi 8,000? Punguzeni usiku mmoja, ondoeni mashua. Kama ni 2,000, basi msiende pwani. Ombeni nyumba ya mmoja wenu hapa mtaani, aitwe mpakaji hina, zipikwe chapati na pilau, na wosia utolewe. Bahari haihami. Bi harusi ataikuta hata akienda na mumewe mwaka ujao.

5. Tahadhari njiani na ufuoni

Kwanza, nyumba. Msitume malipo ya awali kwa mtu mnayemjua kwa picha tu. Mwombeni ndugu au rafiki aliyeko pwani aende aione, aingie jikoni, afungue bomba. Mnapolipa kwa M-Pesa, linganisheni jina linalojitokeza na jina la mwenye nyumba.

Pili, majira. Aprili na Mei ni masika. Nyumba huwa nafuu, lakini mvua ni nyingi. Pasaka, Agosti na Desemba watu hufurika na tiketi za treni huisha mapema. Mkitaka nafuu pamoja na jua, tafuteni majuma yaliyo nje ya likizo za shule.

Tatu, maji. Sisi watu wa bara wengi hatujui kuogelea, na hilo si aibu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Waulizeni wenyeji saa za kujaa. Asiyejua kuogelea asipite kiunoni, na asiingie majini mtu aliyekunywa pombe. Vaeni viatu, kwa maana kwenye miamba kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi. Katika mashua kila mtu avae jaketi la kujiokoa. Bei ya mashua au ya kupanda ngamia ipatanwe kabla, si baada.

Nne, kula kwa macho si kulipa. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, hauna kiingilio.

Tano, kurudi. Treni ya alasiri hufika Syokimau usiku. Panganeni mapema na dereva mnayemjua aje awachukue wote pamoja hadi mtaani. Kila mmoja ashushwe karibu na mlango wake.

Na Jumapili msiisahau. Mkiwa kisiwani Mombasa, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu liko kati ya mji. Mkiwa kwingine, ulizieni Misa ya asubuhi kabla ya kufunga mizigo.

6. Jioni ya wosia

Safari nyingi hurudi na picha mia tatu bila neno moja la kumsaidia bi harusi. Ndiyo sababu twashauri jioni moja itengwe. Simu ziwekwe kando. Kila mama aliyeolewa aseme jambo moja tu alilojifunza katika ndoa yake: kuhusu fedha, kuhusu wakwe, kuhusu kuomba msamaha, kuhusu ugonjwa. Asimseme vibaya mumewe, wala asijifanye hajawahi kulia. Bi harusi naye apewe nafasi ya kuuliza lile ambalo hathubutu kumwuliza mama yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Ndoa anazoziona zikielea, aambiwe jinsi zilivyoundwa na jinsi zinavyozibwa zinapovuja.

Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, kifungu cha 212, alionya kwamba shughuli za sherehe humaliza fedha, nguvu na hata furaha, mpaka wachumba wanaifikia siku yenyewe wakiwa wamechoka badala ya kuwa tayari. Safari hii ikimpumzisha bi harusi na kumpa wosia, imefanya kazi yake. Ikimwongezea wasiwasi wa michango, imempotosha.

7. Neno kwa waume

Ndugu waume, mkeo akikuletea habari ya safari hii, usianze na shaka. Amekuja kwako kabla ya kujibu kundi, naye anastahili kusikilizwa. Kaeni mtazame karo, kodi ya nyumba na deni la chama, kisha mkubaliane kiasi. Kama ni kidogo, akitaje bila haya, nawe usimcheke. Kama mmekubaliana aende, wewe lala na watoto, uwapikie, uwapeleke Misani. Wala usimpigie simu kila saa kana kwamba ni mfungwa.

Kanuni ni hiyo hiyo kwako. Rafiki zako wakipanga kumwaga bwana harusi kwa nyama choma na safari, wewe pia umwulize mkeo kabla ya kutamka, "Niko." Nyumba haiwezi kuwa na vibao viwili vya kupimia, kimoja cha mke na kingine cha mume.

Maswali ya kujadiliana

Kwa mume na mke nyumbani:
1. Ni kiasi gani cha mchango ambacho mmoja wetu anaweza kukubali bila kumwuliza mwenzake? Tumewahi kukitaja?
2. Je, kuna deni au ahadi ya mchango ambayo mwenzangu bado haijui? Nitamwambia lini?

Kwa jumuiya au kundi la kina mama:
3. Katika harusi iliyopita, nani kati yetu alinyamaza kwa sababu hakuwa na fedha? Tulimwona?
4. Tukipewa jioni moja na bi harusi, ni neno gani moja ambalo kila mmoja wetu angemwachia?

Zungumzeni taratibu, redio ikiwa imezimwa na watoto wamelala. Mungu azibariki nyumba zenu.