Biti za Ruta za Mtandaoni: Zikague Kabla Hujawasha Mashine

Ukitafuta biti za ruta mtandaoni, zinazokuja mbele ni seti: biti 15 za rangi ya kung'aa, sanduku la mbao, bei ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi huzipita. Fundi wa makabati na milango hushinda na biti tatu au nne, na nyingine hukaa sandukuni hadi zishike kutu. Bora fedha hiyohiyo inunue ya kuchimba mfereji, ya kuviringisha kingo na ile yenye beringi ya kusawazisha plaiwudi, zote za maana.

Kwenye tangazo, rangi niachie. Nionyeshe unene wa shina. Kuna milimita 6, 8 na 12, na kuna za inchi: robo inchi ni milimita 6.35, nusu inchi ni 12.7. Biti ya 6.35 haiingii kwenye koleti ya 6, basi, umepoteza hela tu. Hatari ni kinyume chake. Biti ya milimita 6 huingia vizuri kwenye koleti ya robo inchi, unakaza nati, unaona imeshika, kumbe koleti haijaibana sawasawa. Ruta ndogo za mkono nyingi hufika mizunguko 30,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo biti hushuka taratibu ikizidisha kina, au huchomoka. Muuzaji akiandika "milimita 6 au robo inchi" kana kwamba ni kitu kimoja, namuuliza kipimo. Akizungusha maneno, nahama duka.

Biti pana zina kesi yake. Kichwa cha milimita 50 kwenye mizunguko hiyo 30,000, ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Kama ruta yako haina kidhibiti cha kasi, usiagize biti hiyo.

Mzigo ukifika, kalipa kwanza: napima shina sehemu mbili tatu. Kisha naliviringisha juu ya kioo, kichwa kikining'inia nje ya ukingo; kikiyumba, shina limepinda. Halafu nachukua lenzi na kutazama kabaidi ilipolehemiwa. Mstari wa lehemu uwe mwembamba na umejaa mwanzo hadi mwisho. Nikiona tundu au ufa, biti hiyo haiingii kwenye mashine yangu hata kwa majaribio, maana kipande cha kabaidi kikibanduka hakichagui pa kwenda. Kabaidi nyembamba kama karatasi nayo haitakubali kunolewa. Kasoro nazipiga picha papo hapo, kabla biti haijagusa mbao.

Iliyopita hapo naijaribu kwenye kipande cha mninga, nikikata kidogokidogo, shina likiwa limezama vya kutosha kwenye koleti bila kugota chini. Mkono ukienda kwa mwendo wake na bado mbao inaungua na kuwa nyeusi, makali hayo ni butu tangu kiwandani. Naanza kudai fedha zangu.