Intaneti ya Waya Ikienda Polepole: Tuanze Wapi Kutazama?

Ndugu Wanachama,

Katika toleo hili twaiacha mikarafuu kidogo tujifunze jambo jingine. Siku hizi kompyuta imo katika nyumba za wengi wetu. Sisi twaitumia kuweka hesabu, na watoto wetu huombea vyuo kwayo. Malalamiko yaletwayo ofisini ni yale yale: "Katibu, nimevuta waya, nalipa kila mwezi, lakini intaneti haiendi."

Mwaka jana nilimzuru dada yangu aliyeolewa Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa. Ukitoka Sumbawanga mjini, gari huacha uwanda wa juu wa Ufipa wenye baridi na kuteremka mlima mpaka bondeni kwenye joto. Shemeji yangu ana kibanda cha kupiga chapa na kuwajazia vijana maombi ya vyuo. Juu ya paa pana antena. Waya wateremka mpaka kwenye ruta, na waya mwingine watoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta.

Hapo kwanza alilipia megabiti 20 kwa sekunde. Alipoona kurasa hazifunguki, akapandisha malipo yawe ya megabiti 30. Haikusaidia hata kidogo. Vijana walichoka kungoja, wakapanda gari kwenda mjini kwa nauli zao. Mmoja alikuja zikiwa zimebaki siku 2 tu za maombi, na hakuwahi.

"Shemeji, hawa jamaa wananiibia," akaniambia.

Nikamjibu: "Shemeji, tusimshike mtu kabla ya kupima." Mkulima wa karafuu hagombani na mnunuzi mpaka mzigo umepanda mizani. Basi tukapima kwa utaratibu huu, nanyi mwaweza kuufuata.

Kwanza, jueni vipimo. Kampuni huuza kwa megabiti, lakini kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 40 ni megabaiti 5 tu. Anayenunua kwa pishi akahesabu kwa kilo atajiona ameibiwa, na kumbe hakuibiwa.

Pili, zimeni vyote vinavyokula intaneti: simu za watoto, televisheni, na programu zinazojisasisha zenyewe kimyakimya. Zimeni ruta, ngojeni dakika 1, muiwashe tena. Kisha pimeni kasi mkiwa na kompyuta moja tu kwenye waya. Kwa shemeji tulipata megabiti 9, naye alikuwa akilipia 30.

Tatu, tazameni kompyuta yenyewe imepatana na ruta kwa kasi gani. Fungueni mipangilio, sehemu ya mtandao. Hapo kasi ya waya huandikwa, nayo huwa 10, 100 au 1000. Ya shemeji iliandikwa 10. Hapo ndipo tulipoushika ugonjwa. Hata angelipia megabiti 200, zisingepita zaidi ya 10. Ukiongeza maji kwenye pipa, mdomo wa mrija haupanuki.

Nne, kagueni waya. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa kuwa jozi 4. Kasi ya 100 hutumia jozi 2, na kasi ya 1000 hutaka zote 4. Ndiyo sababu uzi mmoja ukikatika huenda waya usife kabisa, bali ukaendelea kufanya kazi kwa kuchechemea, na mwenyewe asijue. Tuliufuata waya wa shemeji kwa mkono, tukakuta unapita chini ya ubao wa mlango, na kila asubuhi mlango ulikuwa ukiusaga. Kwetu visiwani tazameni pia kutu ya hewa ya chumvi kwenye vichwa vya waya, meno ya panya, na kile kijino cha plastiki kinachoshika kichwa kisichomoke. Waya mpya uwe umeandikwa ubavuni Cat5e au Cat6, na urefu wake usizidi meta 100. Radi ikinguruma, msiguse waya utokao juu ya paa.

Tano, waya ukiwa mzima, hamisheni kichwa kwenye tundu jingine la ruta. Iwapo katikati pana kisanduku cha kugawa waya, kiondoeni kwa muda, maana vingine vya zamani mwisho wake ni 100. Na kama mtu aliwahi kulazimisha kasi fulani katika mipangilio, irudisheni ijichagulie yenyewe. Upande mmoja ukilazimishwa na wa pili ukijichagulia, vyombo hivyo huweza kukosa kuelewana, na kasi ikaanguka vibaya.

Sita, jaribuni kompyuta nyingine kwa waya ule ule. Ikienda vizuri, kosa limo katika kompyuta ya kwanza: huenda ina virusi, au imejaa. Ikiwa nayo yaenda polepole, na waya mmekwisha ubadili, basi sasa ndiyo zamu ya kampuni. Lakini msiende mikono mitupu. Pimeni asubuhi, mchana na usiku kwa siku 3, mkiandika tarehe, saa na kasi. Ikishuka usiku tu, yaelekea watumiaji wamekuwa wengi kwa wakati mmoja. Ikishuka saa zote, waombeni waje wakague. Mwenye tarakimu mkononi husikilizwa upesi kuliko mwenye hasira.

Shemeji alinunua waya mpya, akaupitisha juu ya mlango. Tukapima tena: 28. Mwezi uliofuata alirudi kwenye malipo yake ya 20, na kazi ikaenda sawasawa. Lakini fedha za miezi ile zilikwisha potea, na yule kijana itambidi angoje msimu mwingine wa maombi. Waya uliomponza waweza kuwa chini ya mlango wako wewe pia, ndugu msomaji. Utazame leo, kabla mtoto wako hajakaa mbele ya kompyuta siku ya mwisho.

Atakayeshindwa na alete tarakimu zake ofisini, tutazitazama pamoja.

Wenu katika kazi,
Katibu