Kiungo Kilichokatwa Kinaweza Kuota Tena?

Mwandishi wetu wa biolojia anajibu maswali ya wasomaji wa Meru na Embu.

Salamanda anayeotesha mguu anapatikana Mlima Kenya?

Hapana. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa porini. Wale wa ukutani ni mijusi, na mkia wao ukiota upya huwa na mrija wa gegedu mahali pa pingili za mifupa. Aksoloti, salamanda wa Xochimilco nchini Meksiko, hurudisha mguu mzima: mifupa, misuli, neva na ngozi.

Anafanyaje?

Ngozi hufunika jeraha upesi, kisha seli hukusanyika chini yake na kuwa kichipukizi kiitwacho blastema. Mwaka 2013, James Godwin na wenzake waliwaondolea aksoloti makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu. Kidonda kilifunga, lakini mguu haukuota. Palibaki kovu.

Huyo ni wa majini. Sisi mamalia je?

Vuka mpaka uingie Laikipia. Kwenye miamba ya huko kuna panya wa miiba, Acomys. Ukimkamata, ngozi ya mgongo hunyofoka ikabaki mkononi mwako, naye akatoroka. Mwaka 2012, Ashley Seifert, Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walieleza katika jarida la Nature kwamba ngozi hiyo hurudi na manyoya yake. Waliwatoboa masikio tundu la milimita 4, nalo likazibwa na ngozi, vinyweleo, tezi za mafuta na gegedu. Panya wa kawaida wa maabara hubaki na tundu lake, kama masikio ya wazee wetu waliotogwa ujanani.

Mwaka 2017, kikundi cha Seifert kiliwapunguzia panya wa miiba makrofaji, na sikio likashindwa kujijenga. Ni seli za aina ile ile iliyohitajika kwa aksoloti, nasi tunazo. Kazi iliyobaki ni kujua kwa nini kwetu jeraha huishia kwenye kovu.

Nilipoteza mguu kwa ajali ya bodaboda. Nisubiri?

Usisubiri. Tafuta mguu bandia na mazoezi ya viungo. Hata panya huyo haoteshi mguu. Matumaini ya karibu zaidi ni ya ngozi, hasa kwa walioungua, ambao makovu huwakunja viungo. Anayekuuzia leo sindano ya kuotesha mguu anakuibia.

Mtoto akikatwa ncha ya kidole na panga?

Osha kwa maji safi, bana kwa kitambaa safi, mkimbize hospitali, na uulizie chanjo ya pepopunda. Mwaka 1974, Cynthia Illingworth, daktari wa Sheffield, Uingereza, aliandika kuhusu watoto ambao ncha zao ziliachwa bila kushonwa, zikakua tena pamoja na kucha. Hilo huwezekana shina la kucha likisalimika. Kikikatwa chini zaidi, hakirudi. Kwa hiyo, kabla mtoto hajashonwa, muulize daktari kama kidonda hicho kinaweza kufungwa bandeji tu na kuachwa kijijaze chenyewe.