Honi ya Basi na Sentensi Niliyoifuta

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule iliyo kando ya barabara kuu. Siku ya kufundisha athari ya Doppler nikajiona nimebahatika, maana mabasi ya mikoani yalikuwa yanapita hapo nje na honi zao. Nikaandika ubaoni: "Chombo kinavyozidi kukaribia, ndivyo sauti yake inavyozidi kuwa nyembamba." Darasa zima likanakili.

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi likisimama mita kumi au mita mia, honi si ni ileile? Sasa umbali unaingiaje hapo?"

Nikamwambia tutalijadili kipindi kijacho. Wenzangu wa elimu, jibu hilo mnalijua, na maana yake mnaijua.

Jioni nikakaa na daftari. Tuseme honi inatoa mitetemo 500 kwa sekunde, yaani Hezi 500, na sauti inasafiri mita 340 kwa sekunde. Basi likiwa limesimama, wimbi na wimbi vinaachana kwa sentimita 68. Sasa lije kwako kwa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Kabla ya kutoa wimbi jingine linakuwa limesogea sentimita 4, kwa hiyo mawimbi ya mbele yanabanana na kubaki sentimita 64. Sikio lako linapokea kama Hezi 531. Likishakupita, mawimbi ya nyuma yanaachana kwa sentimita 72, nawe unasikia kama Hezi 472.

Hebu angalia: umbali haumo kabisa kwenye hesabu hii. Kilichomo ni mwendo. Basi likija moja kwa moja bila kubadili mwendo, honi iko kwenye 531 tangu lingali mbali. Kinachoongezeka ni ukubwa wa sauti, na mimi nilikuwa nimechanganya ukubwa na wembamba. Sauti inashuka basi linapopita ubavuni, kwa sababu hapo linaacha kukukaribia na kuanza kukuacha. Dereva hasikii badiliko lolote, kwani anasafiri pamoja na honi yake.

Christian Doppler wa Austria alitoa wazo hili mwaka 1842. Mwaka 1845 Buys Ballot, Mholanzi, akalijaribu: akawapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na kando ya reli akaweka wanamuziki wenye masikio yaliyozoea noti. Yeye alipima. Mimi nilikuwa nimeamini tu nilichodhani nasikia.

Kipindi kilichofuata tukatoka nje, tukakaa mbali kidogo na barabara. Kundi la kwanza linyooshe mkono sauti ikianza kuwa kubwa, la pili ikigeuka nene. Basi likaja, dereva kakaza honi. Mikono ya kundi la kwanza ikapanda mmojammoja, basi lingali mbali. Ya kundi la pili ikapanda karibu kwa pamoja, basi lilipokuwa mbele yetu.

Tuliporudi darasani nikawaambia ukweli: sentensi ya juzi ilikuwa ya uongo, na ningenyamaza wangeingia nayo kwenye mtihani. Kukawa kimya. Kisha yule wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo tufute, Mwalimu?"

"Futeni," nikasema. Nami nikafungua andalio langu la somo, nikaifuta.