Laptopu ya Mtumba kwa Kurekodi na Kuhariri Sauti Nje ya Studio

Laptopu ya kurekodi sauti hufanya kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kupokea sauti na kuihifadhi bila kukatika, na hiyo hata mashine ya miaka kumi iliyopita inaimudu. Ya pili ni kuhariri: kukata, kusafisha, kuchanganya na kutoa faili la mwisho. Hapo ndipo mashine dhaifu inapoanza kuhema. Mnunuzi anayezitenganisha kazi hizi mara nyingi hugundua kwamba hahitaji mashine ya bei aliyotajiwa Kariakoo, na pengine ile iliyolala kabatini inahitaji diski mpya na kumbukumbu ya ziada tu.

Ukanda wa Mapinga, Kerege, Zinga hadi Bagamoyo mjini una mengi ya kurekodiwa: mdundiko na ngoma nyingine za Wazaramo, ngoma za Wakwere na Wadoe, maulidi, kwaya, simulizi za wazee, na singeli za vijana wanaotengeneza midundo chumbani. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kimezoesha eneo zima kuishi na wanamuziki. Lakini sehemu kubwa ya sauti hizo haiji studio. Inafuatwa uani, msikitini au chini ya mwembe, mahali ambapo umeme hauna uhakika na feni ya laptopu inaweza kusikika kuliko mzee anayesimulia.

Ukimya kwanza

Wauzaji hutanguliza prosesa. Kwa kazi hii cha kutanguliza ni ukimya. Kelele ya feni ikishaingia kwenye maikrofoni haitoki tena bila kuharibu sauti yenyewe, na programu za kuondoa kelele huacha sauti ya mtu ikiwa kama inatoka ndani ya ndoo. Tatizo la mashine kuingia kwenye rekodi ni la zamani. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na ala za makabila mbalimbali, alisafiri na gari lenye mitambo na jenereta, na jenereta ilibidi ikae mbali na wapigaji.

Kupima ukimya dukani hakuhitaji kifaa. Mashine iwashwe, zifunguliwe video tatu nne kwa pamoja, iachwe dakika kumi juu ya meza, kisha sikio lisogezwe kwenye matundu ya kutolea joto. Feni nzima huvuma sawasawa kama upepo. Inayokwaruza, inayolia kwa vipindi au inayopanda na kushuka bila sababu imeshika vumbi au imechoka. Vumbi si hoja ya kuikataa mashine, kwa sababu fundi anaisafisha na kubadilisha pesti ya kupoza prosesa kwa muda mfupi, ila gharama hiyo itolewe kwenye bei. Kelele za Kariakoo nazo zinadanganya: mashine inayoonekana kimya katikati ya honi na spika za matangazo inaweza kuvuma usiku Mapinga. Anayeweza kuomba kuijaribu ndani ya stoo au ndani ya gari lililofungwa vioo afanye hivyo, hata kama muuzaji atacheka.

Zipo laptopu zisizo na feni kabisa, na inayojulikana zaidi ni MacBook Air ya prosesa ya M1 iliyotoka mwaka 2020. Kwa kurekodi ni mashine nzuri mno. Hata hivyo kumbukumbu na diski zake zimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo iliyonunuliwa na GB 8 itakufa na GB 8, na ina matundu mawili tu ya USB-C.

Prosesa na umri wa mashine

Kwenye mashine za Intel, mpaka muhimu ni kizazi cha 8 kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Prosesa ya i5-7200U ina viini viwili, ilhali i5-8250U iliyoifuata ina vinne. Kwa anayehariri sauti zenye vichujio na mwangwi, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika laptopu za aina hiyo. Kibandiko cha i7 kisimdanganye mtu: i7-7500U ya kizazi cha 7 nayo ina viini viwili, hivyo i5 ya kizazi cha 8 inaishinda katika kuhariri. Kizazi hicho cha 8 ndicho pia Windows 11 inapoanzia kwa sehemu kubwa ya prosesa za Intel, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za nyuma ya hapo hazijafa. Zinaweza kuwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu Studio iliyoandaliwa kwa kazi za sauti na picha, au kutumika bila intaneti kwa kurekodi tu.

Laptopu zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba ndizo za kutafutwa kabla ya zile za mapambo. ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5 zote zina nafasi mbili za kubadilisha kumbukumbu, na vipuri vyake si adimu. Herufi moja hubadili kila kitu: T480s, ndugu mwembamba wa T480, sehemu ya kumbukumbu yake imeunganishwa kwenye bodi na nafasi inabaki moja. Anayenunua kwa picha za mtandaoni aombe picha ya jina kamili lililo chini ya mashine.

Kumbukumbu na diski

GB 8 za RAM zinatosha kurekodi na kuhariri mahojiano au kwaya. Anayetengeneza midundo kwa sampuli nyingi za ala atafute 16. Zaidi ya hapo ni fedha ambayo ingenunua maikrofoni.

Kuhusu diski kuna dhana moja inayorudiwa sana, kwamba bila SSD rekodi itakatika kwa sababu diski ya kuzunguka ni ya polepole. Hesabu haikubali. Sauti ya biti 24 kwa kilohezi 48 hutumia baiti 144,000 kwa sekunde kwa kila maikrofoni. Maikrofoni nane zikirekodi pamoja zinafika MB 1.15 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka iliyo nzima huandika makumi ya MB katika sekunde hiyo. Sababu za kweli za kuweka SSD ni nyingine: haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hailii na haiogopi mtikisiko wa daladala au bodaboda, hula umeme kidogo, na wakati wa kuhariri hufungua vipande vingi vya sauti bila kusubiri. Kwa mashine ya zamani, badiliko hili moja huleta nafuu kuliko lingine lolote.

Hesabu hiyohiyo husaidia kuchagua ukubwa. Maulidi ya saa tatu yaliyorekodiwa kwa maikrofoni nne huchukua takriban GB 6.2. SSD ya GB 256, baada ya Windows na programu, inabeba shughuli nyingi za namna hiyo, mradi kazi zilizokwisha zihamishiwe diski ya nje.

Matundu, saundi kadi na betri

Tundu la milimita 3.5 lililo ubavuni mwa laptopu limekusudiwa hedifoni zenye maiki ya simu. Linapokea maikrofoni moja, na sauti yake huwa na mchakacho. Kazi ya maana inahitaji saundi kadi ya nje ya USB, ambayo pia hutoa volti 48 kwa maikrofoni za kondensa. USB 2 inaitosha, maana maikrofoni nane hazifiki megabiti 10 kwa sekunde wakati tundu hilo limeundwa kwa 480. Kinachohitaji macho ni uimara wa tundu. Flashi ichomekwe katika kila moja na kutikiswa kidogo huku faili likinakiliwa; kunakili kukikatika, rekodi ya harusi nayo itakatika.

Pwani huongeza mtihani wake. Hewa ya chumvi hula metali, na laptopu iliyokaa miaka karibu na bahari huonyesha dalili kwanza kwenye skrubu za chini na midomo ya matundu: kutu ya kahawia, au unga wa kijani. Muuzaji akisema mashine imeshuka juzi kutoka Dubai na skrubu zina kutu, kuna la kuuliza.

Kuhusu betri, kwenye Windows amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye namba mbili, ujazo wa kiwandani na ujazo uliobaki. Betri iliyozaliwa na wati-saa 50 ikabaki na 30, kwenye mashine inayotumia wati 10, itakaa saa tatu hivi. Betri nzuri inasaidia hata umeme ukiwepo, kwa sababu chaja feki au tundu la ukutani lisilo na ethi huingiza mvumo wa hezi 50 kwenye rekodi. Chaja ikichomolewa, mvumo mara nyingi huisha.

Umiliki na programu

Mashine ikiwaka na kudai nywila kabla ya Windows, au ikionyesha jina la kampuni na kutaka akaunti ya kazini, isinunuliwe mpaka muuzaji aifungue mbele ya mnunuzi. MacBook nayo iondolewe kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hivyo risiti ya EFD yenye namba ya mashine ni kinga.

Audacity hailipiwi na inatosha kuhariri simulizi na mahojiano. Reaper ni nyepesi hata kwa mashine ya zamani, na hujaribiwa siku 60 kabla ya kulipia. Programu zilizovunjwa kufuli zinazowekwa na baadhi ya mafundi kama zawadi hubeba virusi mara kwa mara, na virusi havichagui faili la kuharibu.

Fedha ikibana, kinasa sauti kidogo cha mkononi pamoja na laptopu ya kawaida ya kuhariri ni uamuzi bora kuliko laptopu ya gharama pekee: kinasa sauti hakina feni, kinatumia betri ndogo, na laptopu inabaki nyumbani bila kupigwa na vumbi. Rekodi zinakiliwe siku hiyohiyo kwenye diski mbili tofauti, na kadi ya kinasa sauti isifutwe kabla rekodi haijafunguliwa na kusikilizwa kutoka kwenye kila diski.