Friedenstein, Jumba la Amani

Katika jimbo la Thüringen, nchi ya Ujerumani, uko mji uitwao Gotha. Juu ya kilima chake palikuwa na boma la vita, jina lake Grimmenstein. Mtawala wake, Johann Friedrich wa Pili, alimpa kimbilio mtu aliyehukumiwa na Kaisari. Kwa ajili hiyo mji ukazingirwa, na mwaka 1567 boma likabomolewa. Mtawala akachukuliwa mateka, akafa kifungoni mwaka 1595.

Mwaka 1643 Mtawala Ernst, aliyeitwa Mcha Mungu, alianza kujenga jumba mahali pale pale. Tangu mwaka 1618 nchi ilikuwa ikiteketea kwa Vita vya Miaka Thelathini, wala amani haikupatikana ila mwaka 1648. Jumba likaisha mwaka 1654, nalo likaitwa Friedenstein, yaani Jiwe la Amani.

Siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Mgeni afikaye na atazame kwanza lango la kaskazini: juu yake zimechongwa sanamu za Amani na Haki zikibusiana, kama isemavyo Zaburi ya 85. Kuta za nje ni nyeupe, hazina mapambo mengi. Mapambo yamo vyumbani. Ndani mna kanisa, na katika mnara wa magharibi mna ukumbi wa michezo wa karne ya 17, ambao mitambo yake ya mbao hata leo hubadilisha mandhari machoni pa watazamaji.

Kisha na ashuke chini. Ernst alilizungushia jumba ngome nene, na njia zake za chini ya ardhi zimesalia. Je, Jiwe la Amani lahitaji ngome? Ernst mwenyewe alikuwa amepigana vitani, naye hakusahau aliyoyaona.

Lakini hakutumainia ngome peke yake. Mwaka 1642, kabla ya kuanza jumba, ilitolewa amri ya shule: watoto wote, wavulana kwa wasichana, wa mjini na wa vijijini, wafundishwe kusoma, kuandika na kuhesabu. Ngome ilibomolewa katika karne iliyofuata. Amri ile ikawa mfano kwa nchi nyingine za Kijerumani. Basi azuruye Gotha na apime mwenyewe: katika kazi za Ernst, ni ipi iliyoilinda amani zaidi?