Mafuta ya nyama ya kusaga: niyatoe au niyaache?

Swali: Shangazi, nikipika nyama ya ng'ombe ya kusaga kwa ajili ya sambusa, hutoka mafuta mengi sana. Niyamwage?

Jibu: Ya sambusa yatoe, mwanangu. Yakibaki, manda hulowa na kupasuka kwenye karai. Bandika nyama na chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Ivunjevunje kwa mwiko mpaka maji yakauke na wekundu uishe kabisa, kisha imimine kwenye chujio ichuruzike vizuri. Hapo ndipo utie bizari na pilipili manga, si kabla. Harufu ya viungo hushikana na mafuta, kwa hiyo ukivitanguliza utaimwaga pamoja nayo. Vitunguu maji na kotmiri ni baada ya kuipua.

Mchuzi ni habari nyingine: bakisha kijiko kimoja ukaangie vitunguu na nyanya, maana nyama isiyo na mafuta kabisa huwa kavu. Nakusihi pia usiyamwage kwenye sinki, yataganda bombani. Yaweke kwenye kopo yagande, ndipo uyatupe. Na ukitaka mafuta yawe machache tangu mwanzo, buchani omba usagiwe steki mbele ya macho yako.